Kaka Lameck wa Uchaguzi, na Lile Kosa la Mbao

Tangu jana nimeshika simu nikingoja Kaka Lameck mwenyewe apige, aseme habari hizi ni za uongo. Hajapiga. Ameugua wiki mbili tu, na kesho tunampeleka kwao Matamba kumzika.

Kwa msiomjua, Lameck alikuwa afisa uchaguzi wa halmashauri yetu hapa Makambako. Mimi nilikuwa msaidizi wake, meza yangu imeangaliana na yake.

Naona kwenye comments mnamwita Bwana Mbao, mnacheka huku mnalia. Na mimi nimecheka. Lakini kuna jambo nimelikalia kimya miaka yote hii, na sitaki azikwe na kosa ambalo si lake.

Ngoja kwanza niwaambie alivyokuwa.

Siku yangu ya kwanza kazini alinikuta natetemeka kwa baridi. Akavua sweta lake, akanipa, akasema, "Mdogo wangu, huku ukija na blauzi ya Dar utaandika barua ya kuacha kazi kabla ya saa nne."

Hakuna mtu aliyempita bila yeye kumsalimia "Kamwene", salamu ya huku kwetu. Hata wale wakubwa wa uchaguzi walioshuka kutoka mkoani na suti zao. Wapo walioitikia "Good morning", naye akawasubiri hadi waitikie vizuri.

Kwenye meeting alikuja na viazi vya kuchemsha kwenye kontena. Ajenda ya pili ikifika, kontena linazunguka meza nzima.

Kazi aliipenda jamani. Alikuwa akisema siku ya kupiga kura watu wanakuja mezani tu, kupika kumeshafanyika. Wenzetu wa mamlaka ya uchaguzi wanaleta kanuni na ratiba. Sisi wa halmashauri tunatafuta vituo, tunapata makarani, na tunabandika tangazo la mipaka ya kila mtaa, ili kila mtu ajue ajiandikishe wapi.

Sasa ndio tunafika kwenye mbao.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umekaribia, deadline ya tangazo inatukimbiza. Nilipelekwa kuandika mpaka kati ya mitaa miwili kule juu. Nikawauliza wenyeji mpaka uko wapi, wakanijibu, "Pale penye mbao za Mzee Yohana." Rundo la mbao za misindano lilikuwa refu kama nyumba, limekaa pale masika mawili. Nikaandika hivyo hivyo: kuanzia kwenye mbao za Mzee Yohana.

Wiki ya tangazo, Mzee Yohana akapata mteja. Lori likabeba zote. Mzigo mpya akaupanga mbele zaidi, ng'ambo ya nyumba kumi na mbili.

Mbao zimehama, na mpaka wangu umehama nazo. Kaya kumi na mbili zikafika kujiandikisha, karani anawaambia hamko kwenye mtaa huu. Mtaa wa pili nao hauwajui.

Vyama vikaja juu. Mmoja wa viongozi wao akasema wazi kwamba halmashauri imehamisha watu makusudi ili kupunguza kura zake. Mkoani wakataka jina la aliyeandika. Mimi nilikuwa bado kwenye majaribio, ajira haijathibitishwa. Nilikaa kwenye kiti changu nikijua nimekwisha.

Kaka Lameck akasimama. "Ni mimi. Niliandika kwa haraka. Nipeni siku mbili."

Hakunitazama hata kidogo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Siku ileile akanichukua, na wawakilishi wa vyama vyote, tukapita nyumba kwa nyumba. Hakuuliza mtu mpaka uko wapi. Aliuliza hivi: "Mkipata msiba hapa, nani anakuja kuchimba kaburi? Kina mama wa wapi wanakuja kupika?"

Kaya zote kumi na mbili zikataja mtaa mmoja. Hakuna aliyesita, hata yule bibi mkali aliyetufungulia mbwa kwanza. Tukarudi ofisini tukafungua faili la zamani, mpaka ulikuwa uleule, unafuata mfereji. Vyama vikasaini. Tangazo jipya likabandikwa, watu wakajiandikisha, na siku ya kura wakapiga kura kwao.

Kuanzia hapo akaitwa Bwana Mbao. Kwenye kila semina ya makarani, mkoa mzima, mfano wa kosa ni yeye. Alikaa mbele akicheka kuliko wote.

Nilimfuata nikalia, nikamwambia nataka kusema ukweli. Akanipa kiazi. "Useme ili iweje? Watu wamejiandikisha. Wewe jifunze kuandika mfereji."

Nilithibitishwa kazini. Leo nasimamia mipaka ya mitaa yote ya mji huu.

Kwa hiyo nasema hapa, kila mtu asome: kosa la mbao ni langu. Mimi Upendo ndiye niliyeandika. Lameck hakuandika hata neno moja.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia mke wake, Mama Anna. Nilidhani mume wake alishamwambia, maana nani anamficha mke wake jambo kama hilo miaka yote. Nikamweleza. 

Kisha nikasikia anacheka, kicheko cha machozi. "Upendo, unajua mimi ndiye niliyemtania kuliko watu wote? Hata juzi hospitali nilimwita Bwana Mbao. Akatabasamu tu."

Asante, kaka. Nimekaa kivulini kwako muda mrefu, sasa natoka. Kalale vizuri kwenu Matamba.