Mwanamke wa Pembeni mwa Runinga

Nduku alikuwa mtu wa mwisho kukubali runinga katika kijiji chao, si mbali na soko la Kanyangi. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja, enzi zile za kuwasha kwa betri ya gari. Halafu sola zikaja, na kabla misimu mitatu ya mvua haijapita, hakuna paa la mabati lililokosa antena isipokuwa lake. Jioni ungeweza kutembea kutoka dukani hadi mtoni ukisikiliza taarifa ya habari nyumba kwa nyumba, usikose hata neno.

"Mimi nina kazi," Nduku alikuwa akimwambia jirani yake Kalunde. "Nikikaa kuangalia watu wakikumbatiana, ndengu zangu atavuna nani?"

Hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu. Sababu yenyewe ilikuwa binti yake, Mutindi.

Mutindi alizaliwa akisikia vizuri. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na alipotoka hospitali hakusikia tena hata ukimpigia sufuria nyuma ya kichwa. Maneno machache aliyokuwa ameanza kutamka yakaisha mdomoni moja baada ya jingine. Shule za karibu hazikuwa na mwalimu wa kumfundisha, na ile ya bweni ilikuwa mbali na uwezo wa wazazi wake. Akakulia nyumbani. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, mwanamke mwenye mikono ya kazi, mlimaji hodari na msukaji wa vyondo, vikapu vya mkonge vilivyogombaniwa Kitui mjini. Kati yake na mama yake kulikuwa na ishara kama ishirini walizojitungia wenyewe: kula, maji, mbuzi, twende, acha, njoo. Kwa ishara hizo ishirini waliishi miaka ishirini na minane.

Kwa hiyo Nduku aliona kwamba kumwekea mtoto huyo runinga ni sawa na kutafuna nyama mbele ya mtu asiye na meno.

Mutisya, kifungua mimba wake, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma Mukuyuni, hakuomba ruhusa. Alikuja Agosti moja na sanduku kubwa, paneli ya sola na nyaya, akapanda juu ya paa.

"Nilisema sitaki!" mama yake alimpigia kelele kutoka chini.

"Mwaitu, hii si yako peke yako. Mutindi ana macho."

Siku mbili za kwanza Mutindi aliangalia mpira kidogo, akaangalia simba wakikimbiza swara, kisha akarudi kwenye chondo chake. Siku ya tatu, saa moja jioni, habari zikaanza. Chini, pembeni mwa skrini, ndani ya kiduara kisichozidi kisahani, alikuwepo mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, akisema kwa mikono.

Chondo kilimwanguka Mutindi. Alisogea akapiga magoti mbele ya runinga, karibu kabisa, hata pumzi yake ikawa inaacha ukungu kwenye kioo.

"Utaharibu macho!" Nduku alisema, akisahau kwamba hasikiwi. Alimvuta bega. Mutindi hakutikisika. Mikono yake ilikuwa imeanza kufuata ya yule mwanamke, ikichelewa nyuma yake, ikikosea, ikifuata tena. Habari zilipokwisha na kile kiduara kikatoweka, alikigusa kioo mahali kilipokuwa, kisha akamgeukia mama yake. Uso wake ulikuwa na swali, na katika zile ishara ishirini hakuna iliyoweza kulibeba.

Ikawa hivyo kila jioni. Nduku akaenda kumuuliza Kalunde.

"Yule mwanamke mdogo wa pembeni hufanya nini?"

"Anawaambia viziwi habari, Mama Mutisya. Hiyo ni lugha, ina maneno yake kamili."

"Kwani wako wengi hivyo, mpaka wamewekewa mtu wao?"

Jibu la swali hilo alilipata Kitui mjini, wiki tatu baadaye, walipopeleka vyondo kwa Sauda. Sauda alikuwa na duka la leso na vitambaa karibu na soko, na alinunua vyondo vyao kwa miaka mingi, ingawa Nduku alizoea kuvileta peke yake. Siku hiyo alikuwa anahudumia wateja, kwa hiyo mama na binti wakangoja kwenye benchi. Mutindi, kama alivyozoea siku hizo, alikuwa akirudiarudia mikono ya kwenye runinga, polepole, peke yake.

Sauda akaacha kitambaa nusu kimepimwa.

"Mama, nani amemfundisha huyu?"

"Ni TV," Nduku alisema kwa aibu. "Anaiga tu. Msamehe."

"Nimsamehe kwa nini? Hapo amesema 'mvua'. Na hilo lingine ni 'watoto'." Sauda alizunguka meza akaja kusimama mbele ya Mutindi. "Binti yangu Ilham hasikii. Yuko shule ya viziwi, kidato cha pili. Mimi nilijifunza ili nisiwe mgeni kwa mtoto wangu mwenyewe."

Akainua mikono, akamwambia Mutindi jambo. Mutindi hakuelewa hata kidogo. Lakini aliikamata mikono ya Sauda, akaigeuza juu na chini kama mtu anayechagua mayai, kisha akacheka. Nduku hakuwa amesikia kicheko hicho, cha sauti namna hiyo, tangu mwanawe akiwa mtoto.

"Kuna darasa la watu wazima, Jumamosi, kwenye ukumbi nyuma ya soko," Sauda alisema. "Mwalimu mwenyewe ni kiziwi. Mlete."

"Nitamleta."

"Na wewe ukae ndani, mama, usikae nje. Akijifunza peke yake, huko Kanyangi atazungumza na nani?"

Nduku alikuwa na miaka sitini na mmoja. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa jembe, na alipojaribu kutengeneza herufi vilikataa kama punda njia panda. Mutindi alimwacha mbali tangu mwezi wa kwanza. Darasani walikuwa watu kumi na saba. Mara ya kwanza Mutindi kuingia na kuona mikono yote ile ikizungumza kwa pamoja, alisimama mlangoni akashindwa kuingia mpaka mwalimu alipomfuata. Jumamosi zikawa za darasa, na jioni nyingine zote saa moja wakaketi mbele ya runinga, Mutindi akidaka maneno aliyoyajua, Nduku akimuuliza yale yaliyompita.

Novemba ya mwaka uliofuata, mvua ikinyesha, walikuwa wanachambua ndengu alasiri moja. Mutindi alifuta mikono yake kwenye nguo, akamgusa mama yake goti, akauliza:

"Baba alienda wapi?"

Nduku alimwomba arudie. Akarudia.

Muli, mume wa Nduku, alifia kwenye machimbo ya mawe Mutindi akiwa na miaka mitano. Wazee walisema mtoto apelekwe kwa nyanya yake kule Kasikeu mpaka mazishi yapite, kwa kuwa hatafahamu na atawasumbua waombolezaji. Aliporudishwa, baba hakuwepo, wala hakukuwa na ishara ya kumweleza. Kwa miezi mingi alisimama njiani kila jioni. Siku moja akaacha, na Nduku akamshukuru Mungu akidhani amesahau.

Sasa alimjibu kwa vidole vyake vizito. Alikufa. Jiwe lilimwangukia. Yuko hapa, nyuma ya zizi.

Mutindi aliangalia kule nyuma ya zizi, mahali alipopita kila asubuhi akienda kufungua mbuzi. Kaburi halikuwa na msalaba, na ardhi ilikuwa imeshasawazika. Ndipo akasema, kwa mikono iliyotulia kabisa: "Nilidhani alitoroka. Niliugua, nikaharibika, akaondoka. Nilidhani ni mimi."

Nduku aliutupa ungo wa ndengu, akamkumbatia. Walilia mpaka mbuzi wakaanza kudai maji. Kesho yake asubuhi wawili hao walipalilia mahali pale, wakapanga mawe kuzunguka, na Mutindi akakaa hapo peke yake muda mrefu, akimwambia baba yake mambo ambayo mama hakwenda kuyatazama.

Baada ya hapo Mutindi alifunguka kama bomba. Alieleza mbuzi yupi ana hila, jirani yupi huiba kuni, na kwamba rangi ya kijani ya gauni lake la kanisani anaichukia tangu siku ya kwanza. Kisha siku moja mezani akasukuma sahani ya isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha.

"Isyo yako ina chumvi nyingi. Miaka yote."

Nduku alishika kiuno. Walibishana robo saa nzima, mikono ikiruka juu ya sufuria, mpaka Nduku akaishiwa na maneno akaondoka kwa hasira. Alipofika nje akasimama. Akachukua simu akampigia Mutisya.

"Dada yako amenitukana!"

"Amekutukanaje, mwaitu?"

"Amesema isyo yangu ina chumvi!" Kisha hakuweza kuendelea, kwa sababu alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. "Mutisya, mwanangu, Mungu akubariki. Amesema ina chumvi."

Jumapili ya shukrani alisimama kanisani akatoa ushuhuda huo huo, na waumini wakacheka mpaka mchungaji akavua miwani. Lakini wanawake wawili hawakucheka. Walimngoja nje baada ya ibada, mmoja akiwa ameshika mkono wa mvulana mkubwa asiyesikia, mwingine akimzungumzia dada yake ambaye hutolewa nyumbani wakati wa mavuno tu.

Siku hizi saa moja jioni kuna watu sita kwa Nduku, ingawa kila mmoja wao ana runinga kwao. Mutindi hukaa mbele, akiwafasiria wanafunzi wake maneno magumu. Juzi mama yake aliingia kutoka jikoni habari zikielekea mwisho, akamgusa bega akamuuliza kuna nini huko duniani.

"Mvua inaanza wiki ijayo," Mutindi alimwambia. "Usingoje, tupande mapema."

Nduku akaenda kutoa mbegu ghalani.