Haskeld Haipo kwenye Ramani

Mama yake Beryl Tunnard alikuwa mtu wa kusema “hasante”. Wageni wakija kunywa chai nyumbani kwao Worthing, kusini mwa Uingereza, alishika kikombe kwa vidole viwili, akasema “hasante”, na “hasubuhi”, na “haiskrimu”, na wageni wakatazamana. Beryl alitamani ardhi ipasuke immeze. “Ni asante, Mama!” alimkaripia mbele za watu, na mama alinyamaza jioni nzima.

Sasa mama alikuwa kaburini, mume naye kaburini, watoto Mungu hakumjalia, na uzeeni Beryl akashikwa na kiu ya ndugu. Kiu hasa, ya kumkosesha usingizi. Alimtaka mtu mmoja tu duniani wa damu yake. Alichojua ni kwamba mama aliitwa Hilda Harkle, wa Haskeld, huko milimani Yorkshire, kaskazini, na kwamba alipelekwa kusini akiwa kigoli kufanya kazi za ndani kwa wakubwa. Zaidi ya hapo mama hakusema. Akiulizwa, aligeukia vyombo vyake.

Basi Beryl akatafuta. Cheti cha ndoa kilisema Harkle. Akapekua vitabu vya vizazi, rejista za ubatizo, sensa za zamani: kina Harker tele, kina Harland tele, Harkle hata wa dawa. Akainamia ramani za kale, zile kubwa zinazoonyesha mpaka kisima na zizi la kondoo, akipitisha kioo cha kukuzia bonde kwa bonde. Haskeld haikuwepo. Karani mmoja alimwambia kwa upole kwamba huenda mama alijitungia tu. Beryl alitoka pale amefura, kisha akakaa kituo cha basi akalia, kwa sababu na yeye alishaanza kufikiri hivyo hivyo.

Mwisho akapanda treni mwenyewe kwenda Yorkshire, kwenye ofisi ya nyaraka ya huko, akapanga chumba kwa mjane aitwaye Bi Dinsdale. Asubuhi Bi Dinsdale akaja na kikaango mkononi.

“Abari ya asubui, mpenzi? Nikupe mayai mangapi? Maana ulivyokonda, upepo wa uku utakubeba.”

“Upepo wa wapi?”

“Wa uku! Uku kwetu. Iyo erufi yenu sisi atuna, tumewaachia watu wa kusini mjidai nayo.” Akacheka peke yake. “Dada yangu alikwenda kutumika kwa wakubwa. Wakamcheka, maskini, mpaka akawa anaitia kila maali, ata isipotakiwa. Siku amekuja likizo, anaomba ‘hasali’ apake mkate! Baba alicheka mpaka meno ya bandia yakaangukia kwenye uji.”

Beryl akaweka uma chini. Hasali. Hasante. Haiskrimu.

Mayai aliyaacha vile vile. Ofisini hakugusa tena herufi H, alifungua A. Arkle. Walijaa ukurasa mzima, na kati yao Hilda, binti wa Thomas Arkle, mfugaji wa kondoo, wa Askeld. Na kwenye ramani, juu ya kijito, hii hapa Askeld: nyumba tatu na chemchemi. Kioo chake kilishapita hapo mara nyingi. Alilia bila kujificha, na bwana wa meza ya pili akasogeza kiti chake pembeni. Msichana wa watu alichekwa jikoni mpaka akaliogopa jina lake mwenyewe, akalirekebisha, akakosea, na kwa kosa hilo akapotea hata kwa ndugu zake.

Teksi ilimshusha Askeld mvua ikinyunya. Mzee mwenye mabuti ya mpira alikuwa akiwatilia kondoo chakula.

“Kama umetoka kwenye ushuru,” akapaza sauti, “Wilf Arkle amekufa, tumemzika jana.”

“Sitoki huko. Mama yangu alikuwa wa hapa. Hilda.”

Mzee akatua ndoo. “Ilda? Shangazi Ilda?” Alimkazia macho, kisha akamsogelea. “Wilf ni mimi, sijafa! Baba yangu ni kaka yake wa tumbo moja. Amekufa anamtaja. Ingia ndani, dada yangu, ingia, mbona unalowa?”

Akamketisha jikoni karibu na moto, akamimina chai nzito, na maneno yakamtoka kama maji. “Wanasema ule mdomo wake aukuwa na breki! Anaiga kasisi, anaiga kondoo, bonde zima linacheka. Akuna aliyeweza kumnyamazisha.” Akavuta kiti karibu. “Ebu niambie, dada. Uko kusini aliendelea kuongea kama sisi?”

Beryl alizungusha kikombe mkononi. Alikaa meza moja na mama yake zaidi ya nusu karne.

“Sijui, kaka,” akasema. “Mbele yangu hakuthubutu.”