Dakika Hamsini hadi Kisumu

Nyumba yangu iko Fedha, Embakasi, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zikishuka hupita juu ya kamba yangu ya nguo. Wageni huinama. Mimi nilishazoea, tena nilijivunia. Kila mama aliponipigia kutoka nyumbani, nje kidogo ya Kisumu, akiniuliza nitakuja lini, nilimjibu kwa hesabu: kutoka uwanja wa huku hadi uwanja wa huko ni dakika hamsini tu. Wanaopanda basi ndio wako mbali, mimi ni jirani yako.

"Dakika zako ni nyingi sana, mwanangu," aliniambia siku moja. Nikacheka. Ulikuwa mwaka wa tatu sijakanyaga kwake.

Asubuhi ile aliyepiga simu alikuwa baba mdogo, ndugu ya marehemu baba. Ni mtu wa kufoka, hana habari za salamu. Mama alikuwa ameanguka jikoni na kulazwa, na tangu alfajiri alikuwa akiniita mimi tu.

"Kuja leo," aliniambia. "Chelewa chelewa, utampata mwana si wako."

Nilipata tiketi ya ndege ya saa sita mchana. Nikafika uwanjani mapema, nikakaa na begi langu mapajani, na niseme ukweli, sikuogopa. Aliyenisubiri miaka mitatu angeshindwaje kusubiri dakika hamsini?

Saa sita ikafika, wakatangaza kwamba ndege imecheleweshwa. Sababu hawakutoa. Kidogo tu baba mdogo akapiga.

"Mama yako anauliza kama umepanda."

Niliangalia mlango wa kutokea kwenda kwenye ndege. Ulikuwa umefungwa, na mfanyakazi aliyekaa hapo alikuwa akichezea simu yake. Nilimchukia yule binti, ingawa kosa halikuwa lake.

"Mwambie nimepanda," nikasema.

Nilimsikia akimwambia mama kwa sauti ya juu, kwa lugha yetu. Kisha akakata. Nilibaki nikitazama saa ya ukutani, nikihesabu dakika za ndege ambayo haikuwepo. Saa moja ikapita. Baba mdogo hakupiga. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Alipopiga tena, alinisalimu.

"Habari yako, mwanangu. Umekula?"

"Bado, baba."

"Kula kwanza. Usikimbie. Haraka haraka haina baraka."

Kwetu kifo hakitangazwi kwa simu kwa mtu aliye safarini. Anaambiwa ale, anaambiwa asikimbie. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu hivyo. Nilimwambia asante, na nilijichukia kwa utulivu wa sauti yangu.

Ndege iliondoka saa nane na kutua Kisumu kabla ya saa tisa. Dakika hamsini, hata moja haikuzidi.

Baba mdogo alikuwa akinisubiri nje, kofia mkononi. Hakufoka. Alichukua begi langu, tukatembea hatua chache, ndipo akaniambia. Mama alikuwa amemwomba amhesabie zile dakika. Zilipotimia, alisema afunguliwe mlango wa wodi kwa sababu mwanawe amefika. Wakaufungua. Akautazama ule mlango mpaka akaisha.