Nta Nyeupe ya Kuluthumu

Bibi harusi wa Tabora aliyeolewa miaka ile ya uhuru bila kupakwa mafuta ya Kuluthumu binti Abbasi alihesabiwa kaolewa kwa haraka, na majirani walijua sababu. Mafuta yenyewe yalikuwa mafuta ya mbegu za nyonyo na nta ya nyuki tu, vilivyoyeyushwa kwa moto mdogo. Nyonyo hulainisha ngozi, nta huzuia ulaini usiondoke. Ila Kuluthumu alikuwa na sharti: nta iwe nyeupe. Ya manjano aliwaachia washona viatu.

Mletaji alikuwa Luhende, mrina asali wa Sikonge, aliyekuja kwa baiskeli.

"Mama, nyeupe hutoka mzinga mpya tu," alimwambia mapema. "Na mzinga mpya ni gome la mti. Ukishauvua gome lote, umeuua."

"Kwani pori la Sikonge lina mti mmoja?"

"Lina mingi kuliko maharusi wenu."

"Basi vua, unangoja posa?"

Wakacheka. Luhende akavua, msimu hata msimu. Mizinga mikuukuu ikaachwa ioze, ingawa nyuki hawakuwahi kulalamikia rangi yake.

Ilipofika operesheni ya kuhamishia watu vijijini, maofisa walitafuta mahali peupe pa kujenga. Wakapakuta Sikonge, penye miti iliyokwisha kukauka, wakamsifu Luhende kwa kuitangulia serikali.

Mwaka huohuo ikawa zamu ya kuolewa ya Zamda, mjukuu pekee wa Kuluthumu. Luhende akaja na bonge moja la nta, la manjano iliyokolea.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Hili ni la mzinga wa mwisho, mkuukuu."

"Marahaba. Na nyuki?"

"Wamehama. Wao hawakungojea operesheni."

Kuluthumu alilipokea kama mtu anayepokea mkono wa tanzia. Akayeyusha, akamimina nyonyo, akakoroga huku ameuma mdomo, akiogopa kumwaibisha mjukuu wake. Yalipopoa akachungulia. Yalikuwa na umanjano uleule wa nyonyo, umanjano wa kila harusi tangu aanze kazi. Miaka yote sufuria ilikuwa mbele ya macho yake; yeye alikuwa akitazama bonge.

Akampaka Zamda. Wanawake wakanusa, wakapiga vigelegele: mafuta ya binti Abbasi hayana mfano.

"Bibi, nifundishe," Zamda alisema. "Nami nije nimpake binti yangu."

Kuluthumu akakomba mafuta ya mwisho sufuriani.

"Geuka," akasema, "nikupake mgongo."