Uyoga Kwenye Chetezo

Muuza dawa za miti shamba wa sokoni Chake hajibu salamu mpaka amalize kukwangua. Bi Mwatum, anayeuza udi meza ya pili, keshamzoea. Mkono wa kushoto wa mzee huyo hushika pande la uyoga wa chaga, jeusi tii, lililotoka nchi za barafu. Wa kulia hulikwangua kwa wembe, taratibu, kama anayemnyoa mtoto wa siku arubaini. Kisha hulamba kidole, hufumba macho, na kwa sauti ya khutba huhesabu maradhi kwa vidole: sukari, presha, mgongo, tumbo, mafua. Vidole vyake vikiisha, huhamia vya mteja.

Ijumaa moja mzee alipokwenda kusali, Bi Mwatum aliishiwa na makaa. Akaokota vipande vitatu vilivyodondoka chini ya meza ya jirani, akavitia kwenye chetezo, akaweka udi juu. Vikashika moto vizuri, bila cheche, na soko zima likanukia. Mzee aliporudi alivitambua, midomo ikamcheza.

"N'samehe, mzee wangu. Nilidhani makaa."

Mzee aliinama akavuta moshi kwa tundu moja la pua, kisha la pili, akafumba macho. Mteja akatoa salamu. Mzee akamshika mkono, akakitafuta kidole ambacho bado hakijapewa maradhi.

"Na hiki ni husuda," alisema. "Husuda haitaki kunywa, yataka kufukizwa. Muulize Bi Mwatum, ndiye mjuzi."