Paa la Mama Mkwe

Kwetu Bariadi, pamba ikishavunwa kazi inahamia uani. Ndivyo tunavyojiandaa na kiangazi. Unaziba mapengo ya ua wa minyaa, unaezeka palipovuja, unakata viazi vitamu na kuvianika juu ya mwamba viwe michembe, unang'oa miti ya pamba iliyokauka na kuichoma. Mwaka ule nilizifanya kazi zote hizo, tena kwa bidii, kana kwamba kiangazi kingekagua usafi wa uani kabla ya kuingia.

Kitu kimoja tu hatukuwa nacho, ngitili. Kila mji wa familia ulikuwa na kipande chake cha majani nyuma ya nyumba, kinafungwa tangu mvua zinaponyesha, asikiguse mtu wala mbuzi, mpaka kiangazi kikaze ndipo ng'ombe wa jembe waingizwe. Humo humo ndimo tulimokata nyasi za kuezekea. Ya kwetu aliiacha baba mkwe alipofariki. Mume wangu akailima.

Simlaumu peke yake. Ilikuwa ile miaka soko lilipofunguliwa. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika tu, upende usipende. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakatuambia limeni, hata mkilima mpaka mlangoni tutanunua. Watu wakalima mpaka mlangoni kweli. Kuanzia kwetu kwenda upande wa Nkoma, ngitili zote zikawa pamba. Tulipouza, mume wangu alirudi na redio mabegani. Mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, aliipapasa redio ile na kuuliza, "Na ng'ombe watakula hii?" Mume wangu akacheka. Mimi pia nilicheka, maana muziki ulikuwa mzuri.

Ng'ombe wa jembe walikuwa wawili, mweusi na wa madoa. Walitakiwa wafike kwenye mvua za kwanza wakiwa wanaweza kusimama, basi. Wakifika tunalima. Wasipofika, wanangu watakula michembe mpaka iishe, kisha watanitazama usoni.

Walimaliza mabua ya mahindi. Walimaliza majani ya viazi. Mume wangu akawapeleka mbali kutafuta malisho, akakuta wenzake wamekwisha fika na ardhi ni nyekundu tupu. Kuwauza? Kila mtu alikuwa anauza, na wachuuzi wa mnadani waliwatazama ng'ombe wetu wakaona ngozi tu. Tena ukishauza utalima na nini? Nilikuwa nikiwaangalia mbavu zao asubuhi na hasira inanipanda, sijui nimkasirikie nani. Malori yalikuwa yameshaondoka. Redio nayo ilikuwa imenyamaza, betri zimekwisha.

Kila jioni mama mkwe aliuliza kutoka ndani kwake, "Wamekula?"

"Wamekula, mayu," nilijibu, kama tunavyomwita mama kwetu.

Kifua kilikuwa kinamsumbua, hatoki nje. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na ng'ombe mwenye njaa halali kimya. Asubuhi moja nilipompelekea uji, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Hakuitikia salamu. Alisema, "Mwambie mwanangu aanze na paa langu."

Nilijifanya sikuelewa. Nyasi za paa lile nilizifuata mwenyewe upande wa Lagangabilili, mzigo baada ya mzigo kichwani, kwa sababu kwetu hazikuwepo tena. Ndiyo kazi ya uani niliyojivunia kuliko zote. Nilimwezekea kwa ajili ya kifua chake.

"Mayu, mvua ikija?"

"Ikija mtalima. Nyumba inaezekwa tena."

Mume wangu alipanda juu. Alikuwa anashusha nyasi fungu kwa fungu, mimi nazipokea, nazinyunyizia maji ya chumvi ili ng'ombe wakubali kuzila. Walikubali. Jua likaanza kuingia kwa mama mkwe kupitia fito, akawa anahamisha mkeka wake kufuata kivuli. Nilimwomba ahamie kwetu, akakataa. Alisema kule hatawasikia ng'ombe.

Mweusi alianguka malishoni, mbali na nyumbani, paa likiwa limebaki upande mmoja. Mume wangu alirudi na ngozi, akaificha nyuma ya banda. Jioni ile swali likaja kama kawaida. Tulitazamana. Nikajibu, "Wamekula, mayu." Na kesho yake hivyo hivyo.

Mvua ilinyesha mchana, kubwa, bila kutuandaa. Tulikimbilia kwake. Tulimkuta ameketi katikati ya nyumba, shuka limemganda mwilini, anakohoa, maji yanampiga usoni naye hajifuti.

"Ardhi imelowa," alisema. "Mnangoja nini? Wafungeni wote wawili mkalime."

Mume wangu alisimama mlangoni. Kisha akaenda kutoa nira ukutani, akaivuta ile minyororo yake kwa kishindo ili mama yake asikie. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. Mimi nilimshika mkono nimwinue, na kupitia mlangoni nilimwona mume wangu anaingia shambani kwenye mvua, nira ameibeba begani mwenyewe, na wa madoa anamfuata nyuma.