Makaburi Yasiyo na Wethershaw

Mwanamke anayetunza rejista za kanisa la Wethershaw, huko Yorkshire, hunawa mikono kabla ya kufungua kitabu, huikausha kwa aproni, kisha huinusa. Yeye humwita kila mtu kipenzi, hata kasisi. Wageni wake huja majira ya joto kutoka Kanada na Australia, wote wakiitwa Wethershaw, na wote huanzia makaburini. Huwaacha wazunguke, akachemsha chai.

Jumanne alikuja mzee wa Ontario na kopo la majivu ya baba yake, aliyeomba azikwe na watu wa ukoo wake. Alisoma mawe yote ya makaburi, akarudi amelowa mvua.

“Mama, hakuna Wethershaw hata mmoja!”

“Watoke wapi, kipenzi? Hapa kila mtu alikuwa wa Wethershaw, nani angeitwa hivyo? Babu yenu alihamia bonde la pili kusuka sufu, na wenyeji wa huko wakamwita kwa jina la alikotoka.”

Alifungua nakala ya rejista ya bonde hilo. Kidole chake kilishuka pembeni mwa majina bila kugusa karatasi: Wethershaw mmoja, watatu, kumi na wanane.

“Basi nimpeleke huko?”

“Huko walikuwa wageni. Hapa ndipo kwao.” Akafunga kitabu. “Nitasema na kasisi. Baba yako atakuwa Wethershaw wa kwanza kuzikwa Wethershaw.”

Mzee alilitazama kopo, akacheka kidogo. “Atafurahi. Hajawahi kuwa wa kwanza popote.”